Mashine Nne Chini ya Gunia

Mwanangu Martina,

Mmeondoka saa nane hivi, wewe na mama yako, kwenda Balangdalalu kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu hamtarudi kabla ya kula na kuonyeshwa kila ndama. Kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nimekaa kwenye meza yetu ya kurekodia, upepo wa Basotu unapiga bati, kombaini zinavuma kule kwenye ngano, na karatasi yako iko mbele yangu. Nimeisoma mara nne.

Habari za blanketi, sabuni, basi la kutoka Katesh na namna ya kumpata binamu yako ukifika Arusha, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena ukiwa umeshika mlango. Mimi nimebaki na lile swali lako la jana. Uliweka karatasi hii karibu na chai yangu ukasema, "Baba, kwa studio ya chumba kimoja, nahitaji mashine ngapi za kutengeneza sauti?" Nikakujibu kwamba unahitaji masikio mawili, moja la kusikilizia na moja la akiba. Nyumba nzima ilicheka isipokuwa wewe. Ulichukua kikombe chako ukaenda kunywa nje.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Hukuuliza kwa mchezo, na mimi nilitania kwa sababu jibu la kweli lina aibu yangu ndani yake. Nimelikwepa tangu ukiwa na meno ya utoto, na kesho unaondoka, kwa hiyo sina tena pa kulikwepea.

Kwenye karatasi umeandika mashine nne. Mashine ya mwangwi, inayofanya kwaya ya watu kumi isikike kama imesimama kwenye kanisa kubwa. Ekwalaiza, ya kupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba. Mashine ya kubana sauti, ili anayepaza ghafla asiharibu kanda. Na kikata kelele, ambacho hufunga sauti yoyote iliyo ndogo kuliko kiwango ulichokiwekea, ili mivumo na michakaricho isiingie. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kana kwamba ulitaka nisiione, umeandika: ng'ombe mwekundu. Ni kweli, nilikuahidi kwamba tutamuuza ili ununue vifaa vyako.

Sasa kaa vizuri, mama. Mashine hizo nne unazotaka kununua zipo. Ziko hapahapa stoo, kwenye kona, chini ya gunia. Ni zile ulizokuwa ukiniuliza tangu ukiwa darasa la tatu, nami nikakujibu, "Zimeharibika, ziache." Hazijaharibika. Hazijawahi kuharibika hata siku moja. Nilikudanganya miaka yote hiyo, na ulipoanza kupanga kumuuza ng'ombe ili ununue vitu ambavyo baba yako amevificha, uongo wangu ukawa mzito kuliko nilivyoweza kuubeba.

Nikuambie zilivyokuja. Nilipoajiriwa hapa shambani kuwa fundi umeme, kulikuwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyeshughulikia mashine za kuvunia. Alipenda gitaa kupita kiasi. Amplifaya yake iliungua, nikaifufua, na tangu siku hiyo akawa ananiita nyumbani kwake kila Jumapili baada ya ibada. Muda wake ulipoisha aliniachia rekoda yake ya kanda, maikrofoni moja nzuri ambayo hadi leo tunaitumia, na mashine hizo nne zikiwa zimefungwa kwenye fremu ya chuma. Hakuniuzia, alinipa. Alinionyesha kila kitufe, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Moja kwanza, Boay. Moja kwanza."

Nilimwitikia vizuri kabisa. Nikafika nyumbani nikaziunganisha zote nne siku hiyohiyo, moja nyuma ya nyingine.

Sitakudanganya tena kwa upande wa pili, niseme mashine zile zilikuwa mbaya. Zilinipa furaha kubwa. Kwaya ya Mogitu waliposikia sauti zao kwa mara ya kwanza zikiwa na mwangwi, mwalimu wao alikaa chini akavua kofia. Watu walishuka kutoka Mbulu kwa miguu kuja kurekodiwa kwenye chumba hiki chenye magunia ukutani. Wakaniita Fundi Mwangwi, na jina hilo nililipenda mno. Taa zile nyekundu zikiwaka zote kwa pamoja, nilijiona mtu. Kama kuna kitufe sijakigusa kwenye wimbo, niliona kazi haijaisha.

Mwaka huo ukazaliwa wewe.

Mama yako alipomaliza siku zake za ndani, tulikupeleka juu Mbulu kwa babu yako, Mzee Qwaray. Wewe unamkumbuka akiwa mzee wa fimbo na ugoro. Wakati ule alikuwa bado amesimama wima, na katika ukoo wote hakuna aliyemfikia kwa slufay. Wewe umekulia huku chini kambini, tena kwa Kiswahili kingi, kwa hiyo umeisikia mara chache. Ni baraka ndefu anayoisema mzee mmoja, mstari kwa mstari, anaomba mvua, maziwa, watoto, amani na majirani, na kila baada ya mstari ananyamaza kidogo. Katika ule unyamavu waliokaa wanaitikia wote kwa pamoja, mmm, kwa chini, kutoka kooni. Ndipo anaendelea.

Siku ile alisema slufay kwa ajili yako. Nilikuwa nimebeba rekoda, maikrofoni na betri ya gari, nikarekodi yote. Nami nikaitikia pamoja na wengine. Nataka ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma. Nilikuwa pale nimekaa kwenye kigoda, koo langu likisema mmm kama la kila mtu.

Niliporudi Basotu nikaazima rekoda ya pili ya kunakilia, nikaipitisha kanda ile kwenye mashine. Nilitaka iwe safi kama ya redio, niipeleke kwa babu yako iwe zawadi ya mkwe. Nikavaa hedifoni. Nikasikia sauti ya mzee, na chini yake upepo, ng'ombe, kuku, na kitu kinachovuma kati ya mstari na mstari. Nikawasha kikata kelele, nikapandisha kiwango kidogokidogo, upepo ukapotea, kuku wakapotea. Nikapandisha zaidi. Kile kinachovuma nacho kikakatika, na kila mzee aliponyamaza, pakawa kimya kabisa. Nilijivunia ukimya ule, Martina. Nilimwita mama yako aje ausikie, lakini ulikuwa unalia, hakuja.

Na kwa kuwa kanda mpya zilikuwa hazipatikani, ile ya kwanza niliitumia tena wiki hiyohiyo. Nikawarekodi watu wa Mogitu juu yake.

Tulipanda tena Mbulu baada ya mavuno. Babu yako aliwaita majirani, akaagiza pombe, akawaambia mkwe wake ameleta sauti yake ndani ya sanduku. Nikabonyeza. Sauti yake ikatoka kubwa na safi, nao wakatazamana kwa furaha. Mstari wa kwanza ukaisha. Kimya. Mstari wa pili. Kimya. Kufikia wa sita, hakuna aliyekuwa anatabasamu, na mimi bado sikuelewa. Nilidhani wameshangazwa na kazi yangu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Baba Martina, watu wameenda wapi?"

Nikasema, "Shikamoo baba, watu wapo, ila mashine imeondoa kelele."

"Kelele gani?"

Nikabaki nashikashika waya za rekoda. Hata salamu nilikuwa nimeirudia kwa kuchanganyikiwa, maana nilishamwamkia asubuhi. Jirani mmoja alicheka, wengine wakamtazama akaacha.

"Nikisema mtoto huyu apate maziwa na hakuna anayeitikia," alisema mzee, "nimesema na nani? Hapa naongea peke yangu, kama mtu aliyechanganyikiwa porini." Hakupandisha sauti. Akaongeza, "Hebu tuwekee ile ya kwanza, ya kabla hujaisafisha."

Nikamwambia kwamba ile ya kwanza haipo. Naomba nisikueleze uso wake ulivyokuwa.

Tulishuka hadi tukaanza kuliona ziwa. Ndipo mama yako akasema, huku akikuhamisha bega, "Na mama yangu alikuwa amekaa pale mlangoni." Basi. Bibi yako naye alikuwa ameitikia siku ile, na nilikuwa nimemfuta pamoja na kuku. Alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Hakuna mahali pengine popote sauti yake ilipokuwa imeshikwa. Nikikumbuka hilo bado naumia, hata sasa ninapoandika.

Ndiyo sababu ya gunia. Nilizifungua mashine zote nne, nikaziweka kwenye kona, nikabaki na rekoda na maikrofoni. Watu waliponiuliza nilisema zimeungua kwa umeme wa jenereta, na kwa kuwa mimi ndiye fundi umeme, hakuna aliyebisha. Wewe ulipokua ukauliza, uongo ulikuwa umeshakomaa, nikakupa uleule.

Sikiliza sasa ninavyoona leo, maana nilikosea mara mbili. La kwanza ni kuwasha zote kwa pamoja kwa sababu tu ninazo. La pili ni kuzizima zote kwa pamoja kwa sababu ya aibu. Kuna miaka hapo katikati kwaya ziliondoka kwangu na kanda ambazo zingekuwa nzuri zaidi, na mimi nikajifanya ndivyo ninavyopenda. Unamkumbuka yule mama wa sauti ya kwanza aliyekuwa akifika kwenye kiitikio anapiga kelele hadi sindano ya rekoda inagonga mwisho? Tulimrudisha nyuma hatua tatu, akaudhika, akasema tunamwonea wivu. Mashine ya kubana sauti ingemaliza ugomvi ule kwa dakika moja. Ilikuwa mita mbili kutoka kwangu, chini ya gunia.

Kwa hiyo ukiniuliza mashine ngapi, nitakuambia kwanza nisichokijua: sijui chumba chako, sijui watakaokuja kuimba. Ninachojua ni hiki. Usinunue mashine kwa sababu ya orodha. Fanya kazi kwanza na rekoda, maikrofoni na masikio yako, na siku ambayo kitu kitakushinda, kikushinde kweli, mara ya pili na ya tatu, hapo utaijua mashine unayoihitaji kwa jina. Ya kubana sauti naona itakuita mapema, kwa sababu waimbaji wa kupiga kelele wako kila mahali. Ya mwangwi wataiomba wenyewe, na usiwanyime, inafurahisha watu na furaha si dhambi. Ila rekodi kwanza sauti kavu, uiweke kanda ile kando, mwangwi uutie kwenye nakala. Kanda ya kwanza usiifute hata kama duka zima limekosa kanda. Lala njaa ya kanda, mama, lakini hiyo usiiguse.

Kuhusu ekwalaiza sina la kukufundisha, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulikuwa na miaka kumi na minne, besi ya vijana wa kwaya ilikuwa inanguruma vibaya, mimi nikaanza kulalamika kwamba laiti ningekuwa na ekwalaiza inayofanya kazi. Uliinuka ukaihamisha maikrofoni mkono mmoja kushoto, ukarudi ukakaa. Ngurumo ikaisha. Nilinyamaza siku ile kwa sababu ya kiburi. Asante. Nimechelewa, lakini asante.

Na si hiyo tu. Ukiwa mdogo zaidi, ulikuwa unavaa hedifoni zangu zikikufika mashavuni, siku moja ukaniambia, "Baba, kuna mtu anapumua kwenye wimbo." Nikataka waimbe upya. Ukaniambia, "Mwache. Ni yule bibi wa sauti ya pili, amechoka kwa kutembea." Hukujua ulichonifanyia. Nilitoka nje nikasingizia kwenda kuangalia jenereta. Mtoto wa miaka saba alikuwa amejiuliza kelele ile ni ya nani, swali ambalo baba yake hakuliuliza siku ile alipolihitaji. Kikata kelele nacho kina kazi yake, utakutana na mafeni na magari mjini. Ila kabla hujakipandisha, fanya kama ulivyofanya siku ile.

Nimeshukuru watu wachache kwa midomo katika maisha yangu, unanijua. Leo nashukuru. Namshukuru yule mgeni aliyenipa vitu vya thamani asitake hata kuku. Namshukuru mama yako, ambaye angeweza kunitupia lile neno la mlangoni kila tulipogombana kwa miaka yote hii, naye alilisema mara moja tu. Nakushukuru wewe kwa kupenda kazi ambayo niliifanya nusunusu, na kwa kuitaka nzima. Na namshukuru babu yako kwa jambo ambalo hulijui.

Ulipokuwa na miaka mitatu uliugua surua. Ulikonda hadi tukaogopa kukutazama. Ulipopona, babu yako alishuka mwenyewe kutoka Mbulu, juu ya lori la shamba, amekaa kwenye mifuko ya mbegu na vazi lake jeupe limejaa vumbi. Aliposhuka hata maji hakunywa. Alisema, "Leo nitambariki mjukuu wangu. Baba Martina, lete ile redio yako." Nikasita. Akasema, "Ileile inayosikia. Ile inayochagua iache ndani."

Tulikaa hapa uani, majirani, mafundi wenzangu wa karakana, hata mlinzi wetu Gidabasho ambaye lugha yetu haijui, kwao ni wafugaji wa huku tambarare, lakini aliitikia kuliko wote. Nilirekodi kwa maikrofoni moja. Upepo umo. Kombaini imo. Jogoo yumo, tena mara mbili, mpumbavu yule.

Sasa nikueleze nilichofanya leo mlipoondoka. Nimezitoa mashine zote nne, nimezifuta vumbi, nimebadilisha waya mbili, nimezijaribu moja moja. Zinafanya kazi. Nimezipanga barazani, utazikuta ukirudi, na najua utakasirika kabla hujaifikia barua hii, kwa hiyo nitakuwa nimekwenda karakana. Nitarudi kukusikiliza, na ukitaka kunigombeza nitakaa kimya. Chukua unazotaka. Ukichukua zote nitakusaidia kuzifunga, ukichukua moja nitakusaidia hiyo moja, ukiziacha zote zitarudi kwenye kona lakini si chini ya gunia. Ng'ombe mwekundu bado ni wako. Niandikie siku utakapojua anauzwa kwa ajili ya nini.

Ndani ya begi lako, katikati ya nguo, nimeweka kanda mbili. Moja ni ile iliyosafishwa, ya ulipozaliwa. Niliihifadhi, sikuweza kuitupa. Nyingine ni ya siku ulipopona. Ukishapata chumba chako, zisikilize zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa hedifoni nzuri.

Ile ya pili uisikilize hadi mwisho kabisa. Mzee anamaliza mstari wa mwisho, watu wote wanaitikia kwa pamoja, wananyamaza, na mimi nilikuwa naenda kuizima rekoda. Hapo, baada ya wote, peke yake na imechelewa, kuna sauti ndogo sana inasema mmm. Lazima uongeze sauti ndiyo uisikie. Mashine yangu ingeifuta kabla ya nyingine zote.

Ni wewe, mama.

Baba yako,
Boay